Usiunge linki kwa alama ya kujumlisha

Simama hapo hapo, mdogo wangu wa Wete. Hiyo programu yako ya kuokota bei za karafuu kwenye tovuti usiiwashe leo usiku. Umeuliza mambo matatu: linki fupi, kama bei.html tu, zinageuzwaje kuwa anwani kamili, matangazo ya bei za karafuu uyahifadhi vipi kwenye hifadhidata, na programu uipange vipi ijiendeshe yenyewe kila alfajiri. Lakini mie macho yangu yamekwama kwenye mstari huu ulioubandika:

anwani = ukurasa + "/" + linki

Huo mstari naujua. Umenila pesa na umeniharibia jina kwa mtu wa heshima.

Kuna bwana mmoja ana nyumba ya wageni Paje. Alitaka vyumba vyake vyote, na bei na picha, vikusanywe kutoka tovuti yake ya zamani viingie kwenye mpya. Kila ukurasa wa chumba ulikuwa na linki ya kwenda chumba kinachofuata. Ukurasa mmoja anwani yake iliishia na /vyumba/jahazi, na ndani yake linki imeandikwa neno moja tupu: mwani. Ukiibonyeza kwenye brauza unafika /vyumba/mwani, sawasawa. Programu yangu, kwa ule mstari wako, ikaunda /vyumba/jahazi/mwani.

Seva ingejibu 404, yaani ukurasa haupo, ningeligundua hapo hapo. Haikujibu hivyo. Seva ile ilikuwa inatazama kipande cha mwisho tu cha njia. Ikaona mwani, ikatoa ukurasa wa mwani na namba 200, kila kitu safi. Ndani ya ukurasa huo mna linki ya kurudi jahazi, basi programu ikaunda /vyumba/jahazi/mwani/jahazi. Ikajibiwa 200. Halafu /vyumba/jahazi/mwani/jahazi/mwani. 200 tena. Nilikuwa nimeweka orodha ya anwani zilizokwisha kupitiwa ili isirudie, na orodha haikusaidia kitu, kwa sababu kila anwani ilikuwa ndefu kuliko iliyotangulia, kwa hiyo ni mpya. Programu haikuwa na sababu yoyote ya kusimama. Nami nilikuwa nimelala.

Asubuhi bando limekwisha lote, na hilo ndilo lililokuwa dogo. Tovuti ya yule bwana ilikuwa imefungwa na kampuni inayoihifadhi, kwa kutumia seva kupita kiasi. Ilikuwa Agosti, yakhe, msimu wenyewe, wageni wanatafuta vyumba vya pwani na wanakutana na ukurasa mweupe. Gharama za kufunguliwa nililipa mie na kazi nikaimaliza bila ujira. Yule bwana hakunitukana. Aliacha tu kunipigia simu, na hilo linaniuma mpaka leo.

Mnaocheka huko nyuma, fungueni kwanza programu zenu mtafute alama ya kujumlisha karibu na neno linki, kisha njooni tucheke pamoja.

Na mstari ule sikuuota. Nilifundishwa na mwalimu wa video mwenye watazamaji wengi, anayejiita bingwa, aliyesema mbele ya kamera: "Chukua anwani ya ukurasa, weka mkwaju, bandika linki, kazi imekwisha." Watu walimuuliza chini ya video itakuwaje linki ikianza yenyewe na huo mkwaju (/), akawajibu waongeze if, yaani sharti la kuipima linki kwanza. Wengine wakaleta linki zinazoanza na nukta mbili mfululizo (..), akasema ongezeni if nyingine. Mtu anayefundisha wengine ana wajibu wa kusoma kanuni ya kitu anachokifundisha, na kanuni ipo wazi kwa yeyote, bure, tangu zamani. Namlaumu bila kumung'unya maneno.

Kanuni yenyewe ni waraka unaoitwa RFC 3986, wa Januari 2005, ulioandikwa na Tim Berners-Lee, Roy Fielding na Larry Masinter. Nenda sehemu ya 5. Inasema hivi, kwa maneno yangu: linki ikianza na itifaki yake, kama https: au mailto:, hiyo imekwisha kamilika, usiiguse. Ikianza na mikwaju miwili, inachukua itifaki tu ya ukurasa uliopo na inakwenda kwenye seva iliyotajwa ndani yake. Ikianza na mkwaju mmoja, inabaki seva ile ile na kuanzia kwenye mzizi. Ikiwa ni alama ya kuuliza na maneno yake, njia inabaki ile ile na swali ndilo linalobadilika. Ikiwa tupu au ikianza na alama ya reli (#), unabaki ukurasa ule ule. Isipokuwa hizo, kwenye njia ya ukurasa ulipo unakata kila kilicho baada ya mkwaju wa mwisho, ndipo unaweka linki, kisha unazisafisha nukta: moja ni hapo ulipo, mbili ni kupanda ngazi moja.

Narudia hilo la kukata, kwa sababu ndilo lililoniangusha. Kwenye /vyumba/jahazi, neno jahazi linakatwa. Kwenye /vyumba/jahazi/, lenye mkwaju mwishoni, halikatwi. Mkwaju mmoja tu, na unafika mahali pengine kabisa. Ni kama kuelekezwa njia Mji Mkongwe: "uchochoro wa pili kushoto" haina maana mpaka ujue mtu amesimama wapi anaposema.

Na usidhani utaziandika if zako mwenyewe ukazimaliza. Hata waliotunga kanuni walibadilisha mambo. Linki inayoanza na alama ya kuuliza, kwa mfano ?y kwenye ukurasa http://a/b/c/d;p?q, kwa RFC 2396, kanuni ya zamani ya mwaka 1998, ilitoa http://a/b/c/?y. RFC 3986 ikasema ni http://a/b/c/d;p?y, kama ilivyokuwa kwenye RFC 1808 ya mwaka 1995. Nukta zinazopanda juu kupita mzizi nazo, ../../../g kwenye ukurasa huo huo, sasa zinatoa http://a/g, zile za ziada zinatupwa. urljoin, funksheni ya Python ya kuunga anwani, yenyewe ilirekebishwa kwenye toleo la 3.5 ili ifuate RFC 3986, kwa hiyo majibu ya zamani utakayoyakuta mtandaoni huenda yasilingane na unachokiona kwenye kompyuta yako. Wewe na if zako utashindana na haya yote mpaka lini?

Shika hili moja, mengine yote yatafuata: anwani haiungwi kwa mkono. Inaungwa na funksheni iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na unaipa msingi ulio sahihi.

Msingi sahihi ndipo wengi wanapoangukia hata baada ya kuijua urljoin. Msingi si anwani uliyoiomba. Ni anwani uliyofikia. Umeomba /matangazo, seva ikakuhamishia /matangazo/ kwa 301, namba ya kuhamishwa, maktaba ya requests ikafuata kimya kimya bila kukwambia. Ukichukua ile uliyoiandika wewe, linki ya bei.html itakuwa /bei.html. Ukichukua uliyofikia, itakuwa /matangazo/bei.html. Kwa hiyo tumia jibu.url. Tena kuna kurasa zenye tagi ya base juu kabisa, na hiyo inabadilisha msingi wa linki zote za ukurasa. Nayo yenyewe yaweza kuwa fupi, basi iunge kwanza (supu hapa ni ukurasa uliokwisha kusomwa na BeautifulSoup):

msingi = jibu.url
tagi = supu.find("base", href=True)
if tagi:
    msingi = urljoin(msingi, tagi["href"])
kamili = urldefrag(urljoin(msingi, linki)).url

urljoin na urldefrag zote zimo ndani ya urllib.parse, huna haja ya kushusha kitu. Hiyo urldefrag inaondoa alama ya reli na kilicho baada yake, usije ukausoma ukurasa mmoja mara nyingi kwa majina tofauti. Ukija kufanya kazi hii kwa JavaScript, andika new URL(linki, msingi).href.

Ukaguzi wa seva ufanye baada ya kuunga, si kabla. Wapo wanaotazama kama linki imeanza na mkwaju wakasema hii ni ya kwetu, kumbe ina mikwaju miwili na programu inatoka nje ya tovuti waliyoikusudia. Itazame hostname, yaani jina la seva, ya anwani iliyokamilika, na itifaki yake iwe http au https. Zile za tel: na mailto: ziruke, usizifuate.

Na weka kikomo. Kurasa kadhaa tu kwa mara ya kwanza, na time.sleep, yaani pumziko, kati ya ombi na ombi, maana hizo seva unazozisoma ni za watu na wana wateja wao. Kikomo ningelikuwa nacho mie usiku ule, yule bwana wa Paje asingefungiwa.

Sasa fanya hivi kabla ya kitu kingine. Fungua ukurasa wako wa kwanza kwa requests, chapisha jibu.url, kisha chapisha linki tano za mwanzo kabla na baada ya urljoin. Zibandike hapa tuzione, na huo mstari wa kujumlisha ufute kwanza.