Jibu: Plagi mpya za injini ya boti zinahitaji kupimwa?

Umeuliza kama plagi mpya zinafungwa hivyohivyo zilivyotoka kwenye boksi. Hapana, pima kwanza mwanya, yaani nafasi kati ya ncha ya katikati na mguu wa nje uliopinda juu yake, ambapo cheche hurukia. Mwanya sahihi umeandikwa kwenye kitabu cha injini yako. Nyingi ni kati ya milimita 0.6 na 1.1, lakini usikisie. Fila geji (kipimo cha vipande vyembamba vya chuma) inatakiwa ipite kwa kukwaruza kidogo. Ukirekebisha, pinda mguu wa nje tu, taratibu, bila kuegemea ncha ya katikati, maana kauri ikipata ufa plagi hiyo ni ya kutupa. Plagi zenye ncha ya madini ya iridiamu mimi sizipindi kabisa. Mwanya ukikataa, narudisha dukani.

Kufunga sasa. Injini iwe imepoa, na kamba ya kuzimia dharura imechomolewa. Puliza mchanga na chumvi kabla ya kutoa plagi ya zamani, la sivyo vitaingia kwenye silinda. Anza kwa vidole, spana baadaye: hedi (kifuniko cha silinda plagi inapofungwa) ni ya alumini na hesi zake huharibika upesi. Ikigota, plagi mpya yenye washa (pete ya chuma ya kuziba) ongeza nusu mzunguko hadi theluthi mbili. Isiyo na washa, yenye kitako cha mchongoko, ni 1/16 tu ya mzunguko. Kama una spana ya toki, yaani inayopima nguvu ya kukaza, fuata namba ya kitabu.