Ukishapokea hela, bloku si yako tena: kwa wauzaji wapya wa mtandaoni Kigoma

Kila wiki kuna kijana mpya wa Mwanga au Ujiji amefungua ukurasa: dagaa wa Kibirizi, mawese, vitenge, migebuka waliokaushwa. Picha safi, bei ipo, namba ipo. Wiki ya tatu anaandika kwenye stori yake: "Wateja hawana adabu, nawalima bloku wote." Wadogo zetu, haki ya kumkataa mteja mnayo. Tatizo mnaiacha pale inapotakiwa, halafu mnaichomoa mahali ambapo inawageuza kuwa matapeli mbele za watu.

1. Kataa kabla ya hela.

Posti yenye picha na bei ni mwaliko wa kuzungumza biashara. Mkataba unafungwa mmoja akitoa pendekezo na mwenzake akalikubali, ndivyo ilivyo kwenye Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Kwa hiyo mtu anayetukana akiwa bado anauliza bei, anayetaka umtumie mzigo kwanza alipe ukifika wakati yuko Dodoma, au anayekupigia saa 8 usiku, hujamkosea chochote ukimwambia hapana. Maneno yenye uzito ni yale unayoyaandika kirahisi mno: "Sawa, tuma hela." Kabla hujayaandika, rudi juu usome mazungumzo yote. Kama tayari amebadilisha oda mara nne, atabadilisha na ya tano mzigo ukiwa njiani.

Usimkatae mtu kwa kabila, dini au ulemavu wake. Hilo halina mjadala.

2. Mteja wa "nishikie".

"Dada, nishikie kilo 3, natuma jioni."

"Kaka yangu, mzigo ni wa aliyelipa. Ukituma leo kabla ya saa 10 jioni, unapanda basi la alfajiri."

Basi. Hakuna kugombana, na huyu hahitaji bloku. Ukimshikia, mwezi wa angani ukishakuwa mkubwa dagaa wanapungua mwaloni, bei inapanda, naye anarudi baada ya siku 5 akidai bei ya siku ile na skrini shoti anayo. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, bei ya mwezi wa 4 haikuwa na maana tena. Andika kwenye kila bei uliyotoa: "Bei hii ni ya leo."

3. Kosa linalouma.

Hili wengi tuliotangulia tumelifanya, na bado tunaona mnalirudia, kwa hiyo tutakaa hapa.

Tuseme mama mmoja wa Dodoma amelipa 90,000 ya dagaa kilo 3. Umeshapokea. Saa moja haijaisha anauliza kama umetuma. Unamjibu basi ni la alfajiri. Anauliza tena. Anataka uongeze mawese lita 5 kwa hela ileile. Unakataa. Anaanza: "Nyie watu wa mitandao wezi tu." Umechoka, una oda nyingine 6 za kufunga, unamlima bloku ukijiambia mzigo wake utautuma tu asubuhi. Na kweli unautuma. Nia yako ni safi kabisa.

Sasa tazama upande wake. Ujumbe wake unabaki tiki moja. Picha yako haionekani tena, simu ya WhatsApp haiiti. Mtu aliyetuma 90,000 akiona vitu hivyo vitatu kwa pamoja, hana namna nyingine ya kuvisoma. Usiku uleule anakuposti kwenye magrupu na namba yako na jina lililotokea kwenye muamala. Asubuhi yuko polisi anachukua RB, namba ya taarifa aliyoandikisha dhidi yako. Laini yako imesajiliwa kwa alama za vidole, huna pa kusema siyo yako.

Wakati huo mzigo uko kwenye basi. Risiti ya kifurushi unayo wewe, namba ya gari unayo wewe, namba ya kondakta unayo wewe. Yeye hana hata moja kwa sababu umemfungia mlango wa kumfikishia. Pengine usiku aliandika kwamba yuko safarini, dada yake ndiye atapokea. Ujumbe uliotumwa ukiwa umemzuia hauji hata ukimfungulia baadaye. Kwa hiyo kifurushi kinashushwa stendi kikiwa na jina la mtu ambaye hayupo. Kinalala. Kama dagaa hawakukauka sawasawa, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa wanatoa jasho na kuanza kunuka. Mwisho unarudisha 90,000, unapoteza nauli ya kifurushi, unapoteza dagaa, na ile posti inabaki mtandaoni. Yote kwa sababu ya kidole kimoja kilichobonyeza mapema.

Utaratibu wake ni huu, na haubadiliki hata akutukanie wazazi. Kama mzigo haujaondoka na humtaki tena, rudisha hela kwanza. Yote, na gharama ya kutuma ubebe wewe, maana wewe ndiye unayevunja oda. Irudishe kwenye namba ileile iliyolipa. Akisema "nitumie kwa namba hii nyingine," kataa, kwa sababu mwenye namba ya kwanza anaweza kuja kudai naye, na kwenye rekodi utaonekana hujamrudishia. Kisha mwandikie: "Habari mama. Oda ya dagaa kilo 3 nimeivunja leo. 90,000 yote imerudi kwenye namba uliyolipia, muamala huu hapa. Sitaweza kukuhudumia kwa oda nyingine. Asante." Bandika ujumbe wa muamala. Subiri tiki ziwe mbili. Piga skrini shoti ya mazungumzo yote kuanzia juu. Hapo ndipo bloku inakuwa yako.

Kama mzigo umeshaondoka, vumilia. Tuma picha ya risiti, namba ya gari na namba ya kondakta. Zima mlio wa mazungumzo yake kama yanakuumiza. Akishasema amepokea, au stendi wakithibitisha umechukuliwa, mfungie.

4. Lalamiko la kweli usilibloku.

Mteja wa Iringa akisema mawese yameganda, hajakutukana. Mawese huganda kwenye baridi. Mwambie aweke dumu kwenye maji ya moto. Akisema dagaa wana mchanga, muulize picha, halafu jiulize ulinunua waliokaushwa chini au waliokaushwa kwenye chanja. Akisema kilo 3 zimefika pungufu, huenda ni kweli: dagaa wenye unyevu hupungua njiani. Waanike tena kabla ya kupima, weka kwenye mizani karatasi yenye jina la mteja na tarehe, piga picha namba ya mizani ikisomeka, mtumie kabla ya kufunga. Picha hiyo moja inamaliza nusu ya ugomvi wote.

5. Anayestahili bloku ya papo hapo.

Anayetuma ujumbe wa muamala wa kughushi. Angalia salio lako mwenyewe, usisome ulichotumiwa. Mbinu inayopendwa: "Samahani bosi, nimetuma 190,000 badala ya 90,000, nirudishie 100,000 haraka, mtoto anaumwa." Salio halijasogea? Hakuna cha kurudisha. Tuma namba yake kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, kisha ripoti na uzuie WhatsApp. Kwenye Instagram chagua kuzuia pamoja na akaunti mpya atakazofungua.

Usiposti sura na namba yake ukiandika "tapeli huyu". Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hasira yako inaweza kukugeuza mshtakiwa.

6. Wanaouza nje kupitia eBay, soko la mtandaoni la kimataifa.

Huko, tangu 2008 muuzaji hawezi kumpa mnunuzi alama mbaya, kwa hiyo orodha ya waliozuiwa ndiyo silaha yako. Asipolipa ndani ya siku 4, unaruhusiwa kuvunja oda kwa sababu ya kutolipwa. Chagua sababu hiyohiyo, maana ukiandika huna mzigo, doa linabaki kwako.

7. Daftari.

La karatasi, siyo la simu, maana simu huibiwa. Kila uliyemzuia: namba, tarehe, sababu kwa maneno matano, stendi aliyotaka mzigo ushuke na jina la mpokeaji. Lebo za WhatsApp Business zinasaidia, lakini zinakaa kwenye namba, na mtu hurudi na laini mpya akianza kwa upole, "Shikamoo dada, mambo ya dagaa." Laini hubadilika, jina la mpokeaji mara nyingi ni lilelile. Muulize jina na stendi kabla ya bei, fungua daftari, angalia, ndipo uandike "Sawa, tuma hela."