Leseni ya msaidizi wa daktari haivuki mpaka wa jimbo

Umeuliza kama shemeji yako, msaidizi wa daktari (physician assistant, mtaalamu wa tiba anayefanya kazi pamoja na daktari) huko Texas, ataruhusiwa kuandika dawa zilezile akihamia North Dakota. Hapana, si moja kwa moja, kwa sababu Marekani kila jimbo hutunga sheria yake na kutoa leseni yake, ingawa majimbo yote 50 sasa yanairuhusu kada hii kuandika dawa. Indiana ndiyo iliyochelewa kuliko yote, hadi mwaka 2007.

Tofauti kubwa iko kwenye usimamizi. Texas humtaka awe na mkataba wa maandishi na daktari anayemkabidhi mamlaka hayo, na nje ya hospitali daktari mmoja kwa kawaida hawezi kuwakabidhi zaidi ya wasaidizi na wauguzi bingwa 7 kwa jumla. Dawa kali za kundi la pili katika orodha ya serikali kuu ya dawa zinazodhibitiwa, kama dawa za maumivu mofini na haidrokodoni, anaweza kuziandika tu kwa mgonjwa aliyelazwa hospitalini au aliye katika idara ya dharura, au kwa aliye katika huduma ya mwisho wa maisha (hospice), aliyethibitishwa kuwa na ugonjwa utakaomuua. Mtu aliyevunjika mkono akija kliniki ya kawaida, cheti cha dawa hizo lazima kiandikwe na daktari. North Dakota iliondoa sharti la mkataba mwaka 2019 kwa wengi wanaofanya kazi katika vituo vyenye leseni.

Akihama, aombe pia usajili wake wa serikali kuu wa dawa zinazodhibitiwa ubadilishwe uwe wa jimbo jipya, kwani nao hufuata jimbo. (Asichanganywe na daktari msaidizi wa Tanzania, ambaye ni kada nyingine.)