Nataka kurudi kukimbia, nianzie wapi?

SWALI: Asalamu aleikum kocha. Niko Lamu, zamani nilikua nakimbia alfajiri mpaka Shela na kurudi, nikapata mtoto nikaacha karibu miaka miwili. Juzi nimejaribu, vigimbi vinauma mpaka ngazi sipandi. Nifanyeje?

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu. Usirudi na spidi ya zamani, hapo ndo wengi wanaumia, manake pumzi na misuli hurudi mapema ila kano, zile nyuzi zinazoshika misuli kwenye mifupa, zinachelewa. Wiki za kwanza tembea haraka dakika 20 hivi, ukizoea changanya, kimbia dakika 1 tembea 2, leo ufanye kesho upumzike. Na ule mchanga mwororo wa Shela uwache kwanza tafadhali, unavuta sana kano ya kisigino, ngojea maji yakipwa ukimbie pale mchanga ulipo mgumu. Kuuma siku 2 au 3 ni kawaida, lakini goti likivimba au kifua kikikubana simama, nenda hospitali. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na hata kwenda sokoni kwa mwendo wa haraka kunahesabika.