Nati ya kupachika inayozunguka bure kwenye bati

Ndugu, kama nati ya kupachika ya M6 (ya bolti ya milimita 6, ile inayovutwa kwa chombo hadi ijikunje na kushika bati) inazunguka kwenye bati la mlango wa gari, pima tundu kwanza. Kwa kawaida M6 ya duara inataka milimita 9. Ikizidi kidogo tu, hata uvute vipi haishiki. Na zile meshi (ncha za kutobolea) za Birere, mtaa wa Goma, zilizonolewa kwa mkono, ncha ikikaa upande, hutoboa pana kuliko namba yake! Anza na ndogo, panua polepole, sugua makali ya ukingoni.

Iliyokwisha haribika, ibane ukingo kwa koleo isizunguke, toboa kichwa, isukume ndani. Tundu lipanue hadi milimita 11, uweke M8. Bati likiwa nene, tafuta nati ndefu.