Jibu: Wanaanga huandikiwa au husomewa maelekezo?

Mkuu, umeuliza kama wanaanga husomewa maelekezo kwa redio tu au hupata karatasi mkononi. Vyote viwili, inategemea ni enzi gani.

Wakati wa Apollo, safari za Marekani za kwenda mwezini, hakukuwa na printa chomboni. Maelekezo mapya yalisomwa kutoka Houston, kituo cha kuongoza safari huko Marekani, mwanaanga akanakili kwa kalamu, kisha akarudia alichoandika ili wa chini wahakikishe. Apollo 13 ilipopata ajali mwaka 1970, hatua ndefu za kuwasha upya chombo zilinakiliwa hivyo hivyo, watu wakiwa wamechoka na baridi inawatafuna. Hebu fikiria ukosee swichi moja!

Skylab, kituo cha anga cha Marekani, ndiyo iliyobadilisha mambo, mwaka 1973. Walifunga teleprinta: wakuu wa Houston wanapanga kazi usiku, ujumbe unarushwa kwa redio, na wanaanga wakiamka wanakuta utepe mrefu wa karatasi unawasubiri. Kundi la mwisho, lililokaa siku 84, lililalamika kwamba ratiba imewazidi. Mimi siwalaumu, karatasi haichoki, binadamu anachoka.

Siku hizi, kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, maelekezo mengi husomwa kwenye kompyuta. Lakini printa ya kawaida ya wino bado ipo. Mwaka 2018 ilipelekwa mpya ya HP, imeondolewa kioo na kutengenezwa kwa plastiki isiyoshika moto kirahisi. Huchapa taratibu za dharura, na hata picha za familia.