Fremu Moja, Sentimita Nne: Kwa Unayeanza Biomekaniki ya Michezo

Nikiwa mwaka wa pili chuoni nilimwambia kocha wa mpira wa wavu kwamba mchezaji wake ameongeza sentimita nne za kuruka ndani ya wiki tatu. Kocha alifurahi, binti mwenyewe akafurahi zaidi, na mazoezi yakaongezwa uzito. Siku chache baadaye nilirudia hesabu, nikakuta zile sentimita nne zote ni fremu moja ya video, yaani picha moja tu kati ya picha nyingi zinazounda video. Naandika hili kwa ajili yako unayeanza biomekaniki, yaani elimu ya jinsi mwili unavyosogea na kani zinazousogeza, maana sikuwa na mtu wa kunionya.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Urefu wa kuruka unaupata kwa kuzidisha muda wa kukaa hewani (kwa sekunde) kwa wenyewe, kisha mara 9.81, namba ya mvutano wa dunia, kisha unagawa kwa 8; jibu linakuja kwa mita. Simu ya fremu 30 kwa sekunde ikikuonyesha fremu 15 hewani, huo ni muda wa nusu sekunde, yaani sentimita 31. Ukikosea ukahesabu 16, unapata 35. Na kukosea ni rahisi, kwa sababu kiatu huachana na sakafu katikati ya fremu mbili na wewe huoni. Piga video hiyohiyo kwa fremu 240, na kosa la fremu moja linashuka hadi nusu sentimita. Tena kuna jambo ambalo kamera yoyote haitakuokoa nalo: mrukaji akitua magoti yamekunjwa, anakaa hewani muda mrefu kidogo na wewe unamhesabia urefu ambao hakuruka. Mwambie atue kama alivyoondoka, na mrukishe mara tatu au zaidi kila siku ya kipimo.

Kwa hiyo kabla hujamwambia mtu namba, pima kitu kimoja mara kumi ujue namba zako zinayumba kiasi gani. Mabadiliko madogo kuliko huko kuyumba usiyatangaze.

Kuhusu kamera, isimamishe kwenye stendi, iangalie mwendo kwa ubavu kamili, iwe mbali kisha uvute picha. Ikikaa upandeupande, pembe ya goti utakayoisoma si pembe ya goti. Fimbo ya mita moja ya kukupa kipimo iweke palepale anapopita mkimbiaji, isiwe mbele yake wala nyuma yake. Alama unazobandika kwenye nyonga na goti zinakaa juu ya ngozi, na ngozi inateleza juu ya mfupa. Kwenye nyonga hilo ni tatizo kubwa kweli. Programu ya Kinovea, ya kuchambua video za mwendo, ni ya bure na inatosha kabisa kwa mwaka wa kwanza.

Fizikia usiikimbie. Nimeona wenzangu wenye macho makali ya mchezo wakikwama kwa sababu kanuni tatu za Newton walizikariri tu. Anayekimbia husukuma ardhi kwa kani inayofikia mara mbili hadi tatu ya uzito wake kila hatua. Ukielewa kwa nini, nusu ya masomo ya majeraha imefunguka.

Na usidhani elimu hii ni ya maabara za mbali. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanyika Kenya juu ya akina mama wa Kijaluo wanaobeba mzigo kichwani na wa Kikikuyu wanaobeba kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso. Walibeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila nishati ya kutembea kuongezeka. Mwaka 1995 ikaelezwa sababu: mwili unapotembea huyumba kama pendulamu iliyopinduliwa, yaani fimbo inayoyumba huku na huku ikiwa imesimamia chini, na akina mama hawa wakiwa na mzigo huokoa sehemu kubwa zaidi ya nishati katika kila yumbo. Nilipousoma nilimkumbuka bibi yangu na ndoo yake, nikausoma tena tangu mwanzo. Angalia pia Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, waliozoea kwenda peku. Kwa mwendo wa kukimbia waliouchagua wenyewe, wengi walitua kwa kisigino, wakati watu walikuwa wameshaanza kusema mkimbia peku hutua kwa mbele ya wayo. Mwendo wa mtu hutegemea kasi, ardhi na mazoea, hivyo mwanariadha asipofanana na picha ya kitabuni usikimbilie kumrekebisha.

Yule kocha nilimrudia. Nilimweleza kosa langu, nikaomba nipime upya kwa kamera ya fremu 240, miruko mitano kila mara. Baada ya wiki sita ongezeko lilikuwa sentimita mbili, kubwa kuliko kuyumba kwa vipimo vyangu. Aliniuliza mara mbili kama nina uhakika, kisha akaiandika kwenye daftari lake kwa kalamu ya wino.